Sauti ya imamu chini ya kuba

Siku ya Ijumaa khatibu anapopanda mimbari, kila aliyekaa chini anataka jambo moja: amsikie na amwelewe. Neno lianze, limalizike, lipishe linalofuata. Muda mfupi baadaye hotuba imekwisha, imamu amesimama mbele ya safu, anasoma Fatiha, na haja ya masikio imegeuka. Kisomo kinataka sauti ijae, ielee, ibaki hewani kidogo wakati msomaji anavuta pumzi. Chumba kinachofaa hotuba ni kile kinachonyamaza upesi. Chumba kinachonogesha kisomo ni kile kinachovuma. Msikiti unatakiwa uwe vyote viwili ndani ya saa moja, kwa watu walewale, bila kuhamisha hata ukuta mmoja.

Wageni wanaoingia kwenye misikiti mikubwa ya kale hupenda kupiga kofi katikati ya ukumbi, wakasikiliza sauti ikizunguka huko juu, kisha wakasema wazee walijua. Ni kweli walijua. Lakini kwa maoni yangu sifa nyingi hupewa vitu vilivyofanya kazi ndogo, hasa mitungi iliyofichwa ndani ya makuba, huku vilivyobeba mzigo wenyewe vikiachwa bila kutajwa: shimo la mihrabu, milango iliyo wazi, miili ya waumini, sauti ya anayefikisha takbiri, na mwendo wa msomaji. Ili kuona kwa nini, inabidi kwanza tufuate sauti inapotoka kinywani.

Milisekunde 50 za kwanza

Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Ndani ya jengo msikilizaji hapokei sauti moja bali msururu wa sauti. Ya kwanza ni ile iliyokuja moja kwa moja kutoka kwa msemaji. Nyuma yake zinafuata zilizogonga ukuta wa karibu, sakafu na dari. Kisha linakuja kundi zima la sauti zilizogonga mara kumi, mara hamsini, zikichanganyika hadi hakuna awezaye kuzitenga.

Sikio lina tabia ya pekee hapa. Chochote kinachofika ndani ya milisekunde 50 hivi baada ya sauti ya kwanza, ubongo hukiunganisha nayo na kukihesabu kuwa ni sauti ileile, ila imepata nguvu zaidi. Kinachochelewa kuliko hapo huanza kuharibu maneno, kwa sababu kinaangukia silabi inayofuata na kuifunika. Katika milisekunde 50 sauti huwa imetembea mita 17. Kwa hiyo ukuta wa karibu humsaidia khatibu, na dari iliyo mbali mno inaweza kumponza.

Sauti za kuchelewa zikiwa nyingi na zimeshikana, tunauita mvumo. Ikirudi moja, peke yake, neno zima likasikika mara ya pili, huo ni mwangwi. Hivi ni vitu viwili tofauti na dawa zake ni tofauti, ingawa wengi huvichanganya.

Aliyeupatia mvumo hesabu yake ya kwanza ni Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kutibu ukumbi wa mihadhara ambao wanafunzi hawakuwa wakimwelewa mhadhiri. Alifanya vipimo vyake usiku, mji ukiwa kimya, akiingiza na kutoa mito ya viti aliyoiazima kwenye ukumbi mwingine wa chuo, huku akipima sauti inachukua sekunde ngapi kufa. Hesabu aliyoipata ni nyepesi: muda wa mvumo, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, kugawanya kwa eneo linalofyonza sauti kwa mita za mraba. Muda huo ni ule ambao sauti inashuka desibeli 60, yaani nguvu yake inabaki sehemu moja ya milioni. Na kipimo chake cha kufyonza kilikuwa dirisha lililo wazi. Sauti ikishatoka dirishani hairudi, kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha wazi hufyonza kila kinachoifikia. Dirisha hilo litatufaa tutakapofika pwani yetu.

Kwa hotuba na mazungumzo, mvumo wa sekunde moja au pungufu hufaa. Kumbi nzuri za muziki wa okestra huwa na sekunde mbili hivi. Aya Sofia ya Istanbul, iliyojengwa kati ya 532 na 537 kama kanisa na kuwa msikiti baada ya mwaka 1453, ina zaidi ya sekunde kumi ikiwa tupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipasua maputo humo ndani, wakarekodi mlio ukififia, kisha kutokana na rekodi hizo wakatengeneza kwa kompyuta sauti ya jengo lenyewe. Ukisema sentensi nzima kwa mwendo wa kawaida mahali kama hapo, neno lako la kwanza bado linavuma wakati unamaliza la mwisho.

Kuba la Süleymaniye

Sinan aliteuliwa kuwa mkuu wa wasanifu majengo wa dola ya Uthmaniya mwaka 1539, akabaki katika kazi hiyo hadi kufa kwake mwaka 1588. Msikiti wa Süleymaniye aliujenga kati ya 1550 na 1557 juu ya kilima kinachotazama Pembe ya Dhahabu, ule mkono wa bahari unaoingia mjini Istanbul. Kuba lake lina kipenyo cha mita 26 na ushei, na kilele chake kiko mita 53 juu ya sakafu.

Kuna hadithi inayopendwa sana Uturuki. Inasemekana watu walimchongea Sinan kwa Sultani Süleyman kwamba amekaa katikati ya msikiti ambao haujakamilika akivuta buruma. Sultani akaenda kwa hasira, akamkuta kweli na chombo hicho, lakini hakuna tumbaku ndani yake. Sinan alikuwa anavuta maji tu, anasikiliza mlio wa mapovu unavyosambaa kila pembe ya jengo. Tumbaku yenyewe iliingia Istanbul karibu na mwaka 1600, Sinan akiwa ameshafariki, kwa hiyo sioni sababu ya kuichukua hadithi hii kama historia. Hata hivyo wasimuliaji wake wameelewa jambo moja la kweli: jengo hujaribiwa kwa mlio mdogo, wa kurudiarudia, na msikilizaji anayetembea.

Tatizo la Sinan lilikuwa hili. Uso uliopinda kwa ndani hukusanya sauti mahali pamoja. Kuba lenye nusu kipenyo cha mita 13, likipokea sauti kutoka sakafuni umbali wa mita 53, huikusanya mita saba hivi chini ya kilele. Maana yake ni kwamba mkusanyiko huo unatokea zaidi ya mita 40 juu ya vichwa vya watu, na kutoka hapo sauti inatawanyika tena ikishuka. Hilo ni jema. Msikiti wa Shah mjini Isfahan, Iran, ulioanza kujengwa mwaka 1611, unaonyesha upande wa pili: ukisimama kwenye jiwe la katikati chini ya kuba lake kubwa na kupiga kofi moja, kofi linakurudia mara kadhaa, wazi kabisa, kwa sababu sauti inapanda na kushuka kati ya kuba na sakafu ikirudi palepale. Watalii wanafurahi. Msomaji akisimama hapo anapata shida.

Lakini urefu unaomwokoa Sinan na mkusanyiko unamtia katika tatizo jingine. Kutoka sakafuni hadi kileleni na kurudi ni mita 106, ambazo sauti huzitembea kwa sekunde 0.3 na zaidi kidogo. Katika mazungumzo ya kawaida mtu hutamka silabi nne au tano kwa sekunde, kwa hiyo kinachorudi kutoka kileleni kinafika silabi moja au zaidi baadaye. Milisekunde 50 zimepita zamani. Kuba kubwa haliwezi kamwe kumsaidia khatibu. Linaloweza ni kumdhuru kidogo au sana, na kazi ya mjenzi ni kuhakikisha ni kidogo.

Hapa ndipo mitungi inapoingia. Ndani ya kuba la Süleymaniye, kama ilivyo katika misikiti mingine ya Sinan, kulipachikwa vyombo vya udongo, tumbo ndani ya ujenzi na mdomo ukitazama ukumbi. Vinafanya kazi kwa kanuni ileile inayoifanya chupa tupu ilie ukiipuliza mdomoni: hewa iliyo shingoni hupanda na kushuka juu ya hewa iliyofungiwa tumboni, na kila chupa ina mlio wake mmoja inaoupenda. Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyeieleza kanuni hiyo kwa hesabu katika karne ya 19, miaka mia tatu baada ya Süleymaniye. Mtungi ukipata mlio wake, huufyonza kiasi, na kiasi hukirudisha ukikitawanya kila upande. Ukipachikwa juu ya kuba linalokusanya sauti, kutawanya huko kunalegeza mkusanyiko.

Desturi hii ni kongwe kuliko Uislamu. Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya kwanza KK, aliandika kuhusu vyombo vya shaba vilivyowekwa chini ya viti vya majumba ya michezo. Makanisa ya Ulaya ya zama za kati nayo yalipachikwa vyungu ukutani. Mwaka 1432, katika kanisa la watawa mjini Metz, Ufaransa, mkuu wao aliamuru vyungu viwekwe ili uimbaji upendeze, na mwandishi wa kumbukumbu za nyumba hiyo akasema hajui kama watu sasa wanaimba vizuri kuliko zamani.

Naona yule mwandishi alikuwa na sikio la haki. Kila mtungi unafyonza sehemu ndogo sana ya masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, na Süleymaniye ni jengo la makumi ya maelfu ya mita za ujazo. Mdomo wa mtungi ni sentimita chache. Hata ukiijumlisha yote, eneo lake la kufyonza ni dogo mbele ya ekari za mawe na lipu. Ilichofanya ni kulainisha kasoro ya kuba mahali ilipozaliwa, hasa kwenye sauti nzito, na hilo si jambo dogo kwa mjenzi makini. Ila mitungi haikuwa chanzo cha usikivu wa msikiti.

Lipu ilikuwa na uzito zaidi. Wajenzi wa Kiuthmaniya walitumia lipu ya chokaa iliyochanganywa na unga wa matofali, yenye vinyweleo vinavyoruhusu sauti iingie na kupotelea humo. Katika ukarabati wa karne ya 20 sehemu za ndani za Süleymaniye zilipakwa lipu ya saruji, ngumu na iliyoziba, na mvumo wa sauti nzito ukaongezeka. Kati ya 2000 na 2003 mradi uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya, uliojulikana kama CAHRISMA, ulipima misikiti ya Sinan pamoja na makanisa ya Bizanti na kuijenga upya kwenye kompyuta, kwa hoja kwamba sauti ya jengo nayo ni urithi wa kuhifadhiwa, sawa na nakshi zake. Hoja hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Fundi akikwangua rangi ya karne ya 16 watu watapiga kelele, lakini akibadilisha lipu, akabadilisha kila kisomo kitakachosikika humo kwa miaka mia ijayo, hakuna anayeona.

Mgongo wa imamu

Turudi sasa kwenye sakafu, ambako mambo mengi zaidi yanaamuliwa.

Imamu akiswalisha huelekea kibla, yaani anawapa maamuma mgongo. Kwa sauti ya mwanadamu hii ni hasara ya aina maalumu. Irabu, ambazo nguvu yake kubwa iko kwenye sauti nzito, huzunguka kichwa na kutoka nyuma karibu kama zinavyotoka mbele. Konsonanti kama s, t, sh na f ziko kwenye sauti kali, na sauti kali huenda mbele kama mwanga wa tochi: nyuma ya kichwa hupungua sana. Sasa, konsonanti ndizo zinazotenganisha neno na neno. Mtu aliye nyuma ya imamu, kusingekuwa na ukuta mbele, angesikia irabu zikifuatana bila makali.

Tazama kinachotokea kwenye mihrabu. Imamu amesimama mita moja na nusu hivi kutoka kwenye ukuta uliochimbwa mviringo. Urefu wa wimbi la mlio wa s, tukichukua masafa ya mitetemo 5,000 kwa sekunde, ni sentimita 7. Wimbi dogo hivyo likigonga shimo la mihrabu lenye upana wa mita moja au mbili linarudishwa lote, tena likielekezwa nyuma kwenye safu. Wimbi la irabu nzito, la masafa 150, lina urefu wa mita 2.3, kubwa kuliko mihrabu yenyewe. Mihrabu hailishughulikii sana, na halihitaji msaada. Kwa hiyo kinachorudishwa ni kilekile kilichokuwa kimepotea. Na safari ya kwenda ukutani na kurudi ni mita tatu, sawa na milisekunde 9, ndani kabisa ya zile 50.

Mihrabu ya kuchimbwa iliingia kwenye Msikiti wa Mtume, Madina, ulipojengwa upya mwanzoni mwa karne ya 8 kwa amri ya Khalifa al-Walid. Sidai kwamba iliwekwa kwa ajili ya sauti. Maana yake ya kwanza ni kuonyesha kibla na mahali pa imamu. Lakini umbo hilo lilipobaki na kuenea kutoka Andalusia hadi Kilwa, kila imamu aliyesimama ndani yake alisaidiwa nalo.

Mimbari inatatua jambo jingine. Sauti inayokwenda sambamba na sakafu, ikipita juu ya vichwa, mabega na zulia, hunyonywa njiani. Walio safu ya kumi wanapata mabaki. Khatibu akipanda ngazi chache, sauti inawaangukia kutoka juu, kila mmoja akiwa na njia yake iliyo wazi hadi kinywani kwake. Ndiyo maana unayemwona unamsikia.

Msikiti ukiwa mpana kuliko uwezo wa koo moja, kazi ikagawanywa. Katika maradhi ya mwisho ya Mtume, swala na salamu zimshukie, Abu Bakr alikuwa akiwasikilizisha watu takbiri zake, na kutokana na hapo ikakaa desturi ya mubaligh, mtu anayerudia takbiri kwa sauti ili walio mbali wafuate rukuu na sijida. Waturuki walimjengea jukwaa lake. Msikiti wa Selimiye wa Edirne, ambao Sinan aliukamilisha katika miaka ya 1570 kwa kuba la mita 31, una jukwaa hilo katikati kabisa, chini ya kilele. Kwa jicho linakata ukumbi. Kwa sikio ni mahali panapogawa umbali sawasawa pande zote. Na mubaligh halazimiki kutamka hotuba. Anatamka maneno machache ambayo kila mtu anayajua tayari, ambayo hata yakifika yamefifia yanatambulika. Adhuhuri na alasiri, kisomo kikiwa cha kimya, takbiri hizo ndizo zote ambazo maamuma anahitaji kuzisikia.

Halafu kuna mwendo wa kisomo. Msomaji wa tajwidi, yaani anayefuata kanuni za kusoma Kurani, huvuta madd (irabu ndefu), hutua kwenye waqfu (vituo vya kisomo), haharakishi. Katika jengo lenye mvumo mrefu, kutua huko kunaipa sauti nafasi ya kuzama kabla ya neno lingine kupanda. Msomaji mzuri katika msikiti mkubwa hulisikiliza jengo na kusubiri zamu yake. Khatibu anayezungumza kwa haraka ndani ya jengo hilohilo hataeleweka, hata akiwa na koo la chuma.

Kilwa na Kizimkazi

Pwani ya Afrika Mashariki ilijenga kwa kipimo kingine. Boriti za mikoko ziliruhusu chumba chenye upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, basi. Ukitaka ukumbi mpana zaidi, ongeza nguzo. Ndiyo maana misikiti yetu mingi ya kale ni mifupi kwa kimo, imejaa nguzo, na watu wako karibu na kuta. Kuta ni za matumbawe na chokaa. Mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, yenye maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ni ya matumbawe yaliyochongwa kwa ufundi wa hali ya juu. Matumbawe laini ya baharini yalikatwa yakiwa mabichi, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu, na ndiyo sababu kingo zake ni kali hadi leo.

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kuwa ukumbi mdogo katika karne ya 11, kisha mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukapanuliwa sana upande wa kusini kwa makuba na matao ya matumbawe. Makuba haya si ya Sinan. Chukua kuba dogo ambalo kilele chake kiko mita sita juu ya sakafu. Kutoka kinywani mwa mtu aliyesimama hadi kileleni na kurudi ni mita tisa, milisekunde 26. Sauti inarudi ikiwa bado ni sehemu ya neno lenyewe. Tatizo lote la mwangwi wa kuba linatoweka, bila mtungi hata mmoja.

Kwenye Msikiti Mdogo wa Makuba, hapohapo Kilwa, kumepachikwa mabakuli ya kauri ndani ya dari. Wageni waliosikia habari za mitungi ya Istanbul wanaweza kudhani ni kitu kilekile. Sivyo. Bakuli lina mdomo mpana na halina shingo, kwa hiyo hakuna hewa ya kupanda na kushuka juu ya hewa iliyofungiwa. Haliwezi kuchagua mlio wake. Yale ni mapambo, na fahari ya mji uliofanya biashara na ng'ambo ya bahari.

Kilichofanya kazi ya sauti katika misikiti ya pwani ni milango. Hebu tufanye hesabu ya Sabine kwa msikiti wa kubuni wa urefu mita 12, upana 10, kimo 4. Ujazo ni mita 480. Kuta na dari ngumu, pamoja na mikeka sakafuni, tuseme zinafyonza sawa na mita 33 za dirisha wazi. Milango ikifungwa na msikiti ukiwa mtupu, mvumo ni sekunde 2.3. Fungua milango ya pande zote, jumla mita 20 za mraba: unashuka hadi sekunde 1.5 hivi. Waingie watu 150, kila mmoja akifyonza sawa na mita 0.4 kwa kanzu na mwili wake: unashuka chini ya sekunde 0.7. Msikiti uliokuwa ukivuma alfajiri ukiwa na safu moja umekuwa ukumbi mzuri wa hotuba Ijumaa ukiwa umefurika. Milango iliachwa wazi kwa sababu ya joto na upepo wa bahari, na watu walikuja kwa sababu ya swala, lakini matokeo yake ni kwamba jengo lilibadilika lenyewe kulingana na haja. Kisomo cha alfajiri kilipata mvumo wake, hotuba ya Ijumaa ikapata ukimya wake.

Zikaja spika

Leo hesabu hiyo tumeigeuza. Msikiti unawekwa kiyoyozi, kwa hiyo milango inafungwa na madirisha ya alumini yanazibwa. Kuta zinabandikwa marumaru hadi kifuani au hadi darini. Boriti na chokaa zinaondoka, inakuja zege. Zulia nene linaletwa, na hilo linasaidia, lakini zulia linafyonza sauti kali na kuziacha nzito zikizunguka, kwa hiyo konsonanti zinakufa na mngurumo unabaki. Hotuba haieleweki. Kamati inakutana, inanunua spika kubwa zaidi.

Spika kubwa haiwezi kutibu ugonjwa huu. Ukipandisha sauti, unapandisha ile ya moja kwa moja na mvumo kwa kiasi kilekile, na uwiano kati yao unabaki ulivyokuwa. Wanaoumia zaidi ni wazee wenye masikio yaliyopungua na watoto ambao bado wanajifunza lugha. Mara nyingi pia ni wanawake, ambao sehemu yao iko nyuma ya ukuta au pazia na hawamwoni msemaji. Kwao spika ndiyo hotuba yote.

Hali inakuwa mbaya zaidi spika zikiwekwa nne kwenye pembe, juu, zikirushiana sauti. Kila mita inaongeza milisekunde 3. Aliyekaa mita 3 kutoka spika moja na mita 30 kutoka nyingine anasikia neno, na karibu milisekunde 80 baadaye analisikia tena. Ni mwangwi wa kujinunulia. Spika ndogo nyingi zilizo karibu na watu, zikielekezwa chini kwao na kwa sauti ya kiasi, huleta maneno vizuri kuliko mbili kubwa za ukutani. Zile nyembamba za kusimama wima, zinazorusha sauti kwa usawa wa vichwa na kuacha kuba lipumzike, zinafaa hasa kwenye misikiti mirefu. Mitambo ya leo inaweza pia kuchelewesha spika za nyuma ili zilingane na sauti inayotoka mbele, na fundi anayejua kazi yake atapima umbali kwa futi ya chuma kabla ya kuipanga.

Kabla ya yote hayo, kamati inayotaka kukarabati msikiti wa kale inaweza kufanya kipimo ambacho hakina gharama. Ipasue puto mahali anaposimama imamu, msikiti ukiwa mtupu na milango imefungwa, mtu akirekodi kwa simu kutoka safu ya nyuma. Irudie milango ikiwa wazi. Irudie tena mikeka au mazulia yakiwa yametandikwa, na mara nyingine watu wakiwa wamekaa. Rekodi hizo zihifadhiwe pamoja na hati za msikiti, kwa sababu baada ya lipu mpya hazitapatikana tena, na tofauti kati yake ndiyo itakayomwonyesha fundi ni mita ngapi za dari au ukuta wa nyuma zinahitaji kitu cha kufyonza kabla fedha hazijaenda dukani kununua spika.